Dawa za Kupunguza Lehemu: Dozi ya Kuanzia na Sababu Zake

Tunapowatembelea wagonjwa kisiwani Pemba ili kuwapelekea Komunyo Takatifu, tumezoea kuona vitu vilevile juu ya meza iliyo kando ya kitanda: rozari, chupa ya maji, miwani na kitabu cha sala. Miaka ya karibuni kimeongezeka kitu kingine, nacho ni pakiti ya vidonge ambavyo wengi huviita "vidonge vya kolestro". Na swali limekuwa lilelile, iwe Wete au Mkoani: "Baba, mimi nimeandikiwa kumi, lakini kaka yangu aliyeko Dar es Salaam anameza arobaini. Je, nimepunjwa?" Aliyeuliza mara nyingi huwa amekwisha kuamua jibu, na wakati mwingine amekwisha kuanza kumeza vidonge vya kaka yake.

Swali hilo ni la haki na linastahili jibu kamili. Sisi si matabibu, wala makala haya hayachukui nafasi ya daktari. Yanaeleza yale ambayo miongozo ya tiba inayotumika duniani imekubaliana, ili mwamini aelewe kwa nini watu wawili wenye tatizo lenye jina moja huanzishiwa vipimo tofauti vya dawa.

Lehemu, ndiyo kolesteroli, ni aina ya mafuta ambayo mwili hauwezi kuishi bila hayo. Hujenga kuta za seli, na kutokana nayo mwili hutengeneza homoni kadhaa pamoja na vitamini D. Sehemu kubwa ya lehemu hutengenezwa na ini lenyewe, na iliyobaki hutoka katika chakula. Madhara huja pale lehemu inayosafirishwa katika damu kwa chembe ziitwazo LDL, ambayo watu wameizoea kwa jina la "lehemu mbaya", inapozidi kwa miaka mingi na kujipenyeza katika kuta za mishipa. Mishipa hujaa utando, hupungua upana, na siku moja utando huo hupasuka na damu kuganda juu yake. Likitokea hilo moyoni, ni shambulio la moyo. Likitokea kichwani, ni kiharusi. Kabla ya siku hiyo hakuna homa wala maumivu. Utafiti wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza uliofanyika Tanzania Bara mwaka 2012 ulikuta lehemu iliyozidi kwa takriban mtu mzima mmoja katika kila wanne, na si haba walioisikia habari hiyo kwa mara ya kwanza siku ile walipopimwa.

Dawa zinazotumika zaidi kuipunguza ni za jamii iitwayo statini. Asili yake ni ukungu. Mwanasayansi Mjapani Akira Endo, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Sankyo, alichunguza maelfu ya aina za kuvu akitafuta kitu cha kulizuia ini lisitengeneze lehemu, na mwaka 1973 alikipata katika ukungu wa jamii ileile inayotupatia penisilini. Msomaji wa Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, inayozungumza juu ya tabibu na dawa zitokazo ardhini, hatashangazwa sana na habari hiyo. Statini ya kwanza kuruhusiwa kuuzwa, lovastatini, ilipata kibali nchini Marekani mwaka 1987. Kisha mwaka 1994 yakatangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi za Ulaya ya Kaskazini kwa wagonjwa 4,444 wa moyo. Walioanzishiwa simvastatini miligramu 20, na baadhi yao kuongezewa hadi 40, walipungukiwa na vifo kwa takriban asilimia 30 wakilinganishwa na waliopewa kidonge kisicho na dawa. Tangu hapo mjadala haukuwa tena kama dawa hizi zinaokoa maisha, bali nani apewe, na aanze na kiasi gani.

Statini hukizuia kimeng'enya ambacho ini hukitumia kutengenezea lehemu. Ini likipungukiwa na lehemu yake, hufungua milango mingi zaidi ya kuivuta ile iliyomo katika damu, na hivyo LDL hushuka. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hii hufanywa na dozi ya kwanza. Atorvastatini ya miligramu 10 kwa siku hushusha LDL kwa wastani wa asilimia 37. Ya 20 huishusha kwa asilimia 43, ya 40 kwa asilimia 49, na ya 80 kwa asilimia 55. Kila mara dozi inaporudufishwa, nyongeza ni kama asilimia 6 tu. Tuchukue mfano wa mtu mwenye LDL ya milimoli 4.0 kwa lita. Kwa miligramu 10 atafika karibu na 2.5, kwa miligramu 80, yaani dawa mara nane, atafika karibu na 1.8. Huyo aliyeandikiwa kumi hakupunjwa. Amepewa kiasi kinachofanya theluthi mbili ya kazi yote ambayo dawa hiyo inaweza kuifanya. Tofauti iliyobaki ina thamani kubwa kwa wagonjwa fulani, kama tutakavyoona, lakini si kwa kila mtu.

Tena, miligramu za statini moja haziwezi kulinganishwa na za nyingine. Rosuvastatini ya miligramu 5 hushusha LDL kwa asilimia 38 hivi, karibu sawa na atorvastatini ya 10, na karibu sawa na simvastatini ya 40. Hao watatu wamebeba namba tatu tofauti, na mzigo ni mmoja. Anayehesabu namba iliyoandikwa juu ya pakiti bila kusoma jina la dawa ni kama anayelinganisha pishi na kilo.

Tunamkumbuka mzee mmoja, mvuvi mstaafu, ambaye binti yake alimtumia vidonge kutoka Muscat. Alikuwa tayari anameza simvastatini aliyoandikiwa hapa kisiwani. Kwa kuwa majina yalitofautiana na rangi za pakiti zilitofautiana, alidhani ni dawa za maradhi mawili, akawa anameza zote mbili kila usiku kwa moyo wa utii. Baada ya wiki kadhaa alishindwa kuinuka kwenye benchi wakati wa Injili, mapaja yakimuuma kama aliyepigwa. Tulidhani ni uzee. Daktari alimwomba alete kila kidonge kilichomo nyumbani, akaziona pakiti mbili za statini, akazisimamisha zote, akaagiza vipimo vya damu, na baadaye akamrudishia moja tu kwa dozi ndogo. Binti yule alitenda kwa upendo, nasi hatumlaumu. Lakini tangu siku ile tumekuwa tukimwambia kila mwenye ndugu Oman, Mombasa au Bara: dawa ikifika kutoka ng'ambo, kabla ya kuifungua, ipite kwanza machoni pa daktari au mfamasia.

Sasa, nani huanza na kiasi gani? Daktari hatazami lehemu peke yake. Hutazama hatari yote aliyonayo mtu huyo ya kupata shambulio la moyo au kiharusi katika miaka 10 ijayo. Kijana mwenye lehemu iliyozidi kidogo, asiyevuta sigara na mwenye shinikizo la damu la kawaida, huenda asipewe dawa kabisa. Mzee wa miaka 65 mwenye kisukari na presha huenda akapewa hata kama lehemu yake haitishi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2019 chati mpya za kukadiria hatari hiyo kwa kila ukanda wa dunia, Afrika Mashariki ikiwemo. Chati hizo zina toleo linalotumia vipimo vya maabara, na lingine linalohitaji umri, jinsia, uvutaji wa tumbaku, shinikizo la damu na uwiano wa uzito na urefu tu. Kwa kisiwa kama chetu, ambako si kila kituo cha afya kina mashine ya kupimia lehemu, toleo hilo la pili lina faida kubwa.

Aliyekwisha kupata shambulio la moyo, au kiharusi kilichotokana na mshipa kuziba, yumo katika kundi la hatari kubwa kuliko wote. Huyu haanzishiwi kidogo na kupandishwa polepole. Miongozo mingi humtaka aanze moja kwa moja na dozi yenye nguvu ya juu, yaani atorvastatini miligramu 40 hadi 80, au rosuvastatini 20 hadi 40, ili LDL ishuke kwa nusu au zaidi. Hapo ndipo ile tofauti kati ya 2.5 na 1.8 inapokuwa na thamani ya uhai. Huenda huyu ndiye kaka wa Dar es Salaam. Dozi ya namna hiyo huanzishiwa pia mtu mzima ambaye LDL yake imefika milimoli 4.9 kwa lita au zaidi, hali ambayo mara nyingi hurithiwa katika ukoo. Familia ambayo watu wake hufariki ghafla kabla ya miaka 55, na jirani wakaanza kunong'ona habari za uchawi, ingefanya vyema kuwapeleka watoto wake wakapimwe lehemu.

Mwenye kisukari wa miaka 40 na kuendelea, hata kama moyo wake haujawahi kumsumbua, kwa kawaida huanzishiwa dozi yenye nguvu ya wastani: atorvastatini 10 hadi 20, simvastatini 20 hadi 40, au rosuvastatini 5 hadi 10. Dozi ya kundi hilo hupewa pia asiye na ugonjwa wowote wa moyo ila chati imeonyesha hatari yake ni kubwa. Waingereza, kwa mfano, huanza na atorvastatini 20 kwa wanaokingwa kabla ya ugonjwa, na 80 kwa waliokwisha kuugua.

Wapo wanaohitaji kuanza chini zaidi. Wazee waliopita miaka 75, watu wenye mwili mdogo, na wale ambao figo zao zimedhoofika sana huanzishiwa kwa tahadhari. Mwenye figo mbovu sana, kwa mfano, hupewa rosuvastatini 5 wala havushwi 10. Watu wenye asili ya Asia nao hushauriwa kuanza rosuvastatini kwa miligramu 5, kwa sababu dawa hiyo hupanda zaidi katika damu yao. Visiwa vyetu vina damu nyingi zilizochanganyika, hivyo si kosa kumtajia daktari asili ya wazazi.

Jambo linalopuuzwa kuliko yote ni dawa nyingine ambazo mgonjwa anazitumia. Wengi wenye presha hapa hutumia amlodipini. Anayeitumia hapaswi kuvuka simvastatini miligramu 20 kwa siku, maana amlodipini huifanya simvastatini ikae katika damu kwa wingi zaidi. Antibiotiki za klarithromaisini na erithromaisini, dawa za fangasi za itrakonazoli na ketokonazoli, na baadhi ya dawa za kupunguza makali ya VVU, hasa zile zenye ritonaviri, haziendi kabisa na simvastatini. Mwenye kutumia ARV asione haya kulitaja hilo kwa anayemwandikia statini, hata kama ni daktari mgeni kwake. Siri hiyo ikifichwa, dozi itakuwa ya kubahatisha. Dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini hufanya kinyume: huipunguza nguvu statini. Na kwa sababu tuko Pemba, hatuwezi kuliacha balungi. Maji yake yakinywewa kwa wingi huzuia utumbo usivunje simvastatini na, kwa kiasi kidogo zaidi, atorvastatini, na hivyo dozi ndogo hugeuka kuwa kubwa bila mtu kujua. Mwenye balungi uani kwake na asiyetaka kuachana nalo amwambie daktari, maana rosuvastatini na pravastatini hazina ugomvi nalo.

Kuhusu saa ya kumeza, simvastatini humezwa usiku kwa kuwa kazi yake huisha mapema, ilhali atorvastatini na rosuvastatini humezwa saa yoyote ile, mradi iwe ileile kila siku. Kwa hiyo jirani zetu Waislamu wanaweza kumeza yao baada ya futari mwezi wa Ramadhani bila kupoteza kitu, na anayefunga siku ya Jumatano ya Majivu hana sababu ya kuruka kidonge.

Dozi ya kuanzia, kama jina lake linavyosema, ni ya kuanzia. Kati ya wiki 4 na 12 baadaye mgonjwa hupimwa tena. Ikiwa LDL haikushuka kama ilivyotarajiwa, daktari huuliza kwanza kama vidonge vimemezwa, kisha huongeza dozi au huongeza dawa ya aina nyingine kama ezetimibe. Kipimo hiki ndicho kinachowashinda wengi. Anayetoka shamba, au mvuvi aliye dagoni, huona nauli ya kwenda hospitali Chake Chake au Mkoani ni hasara kwa mtu asiyeumwa popote. Tuwatulize kwa jambo moja: kwa kawaida si lazima kukaa na njaa tangu usiku ili kupima lehemu, isipokuwa daktari ameagiza hivyo. Anaweza kunywa chai yake akapanda gari.

Wengine huacha dawa kwa hofu ya madhara, na wengine kwa furaha ya majibu mazuri. Tuanze na hofu. Ni kweli kwamba statini huweza kuumiza misuli, na mara chache sana misuli hiyo huvunjika na kuziumiza figo. Maumivu makali ya mwili pamoja na mkojo mweusi kama chai ya rangi ni sababu ya kuacha kidonge na kwenda hospitali siku hiyohiyo. Statini moja, serivastatini, iliondolewa sokoni mwaka 2001 kwa sababu ya madhara hayo. Lakini maumivu mengi madogo hayatokani na dawa. Katika utafiti wa Uingereza uliotangazwa mwaka 2020, watu 60 waliokuwa wameacha statini kwa sababu ya usumbufu walipewa miezi ya statini, miezi ya vidonge visivyo na dawa, na miezi mitupu. Takriban asilimia 90 ya usumbufu waliousikia wakiwa na statini waliusikia pia kwa kidonge kisicho na dawa. Nusu yao walirudia tiba baada ya kuonyeshwa hesabu zao. Statini huongeza pia kidogo uwezekano wa kupata kisukari kwa waliokuwa wamekikaribia, na hata hivyo kwa walio katika hatari, kinga ya moyo huizidi hasara hiyo.

Furaha ina hatari zaidi. Majibu yakirudi mazuri, mtu husema amepona, akaacha. Lehemu hurejea ilikokuwa ndani ya wiki chache, maana ini halijabadilika tabia. Lilikuwa limezuiwa tu. Wapo pia walioacha baada ya kuombewa. Kwa hao tunasema wazi, kama wachungaji wao: Baraza la Kipapa linaloshughulikia Mafundisho ya Imani, katika Maelekezo ya tarehe 14 Septemba 2000 juu ya sala za kuomba uponyaji, lilifundisha kwamba kuikimbilia sala hakuondoi matumizi ya tiba zenye kufaa, bali huyahimiza. Mpako wa Wagonjwa hatuutoi ili mtu atupe vidonge. Aliyeombewa na anayeamini amepona arudi kwa daktari, apimwe akiwa bado anatumia dawa, na daktari ndiye aseme neno juu ya kuipunguza.

Tumeulizwa pia kuhusu tui. Nazi haina lehemu, hilo ni kweli, lakini mafuta yake ni ya aina inayolifanya ini lipunguze kuivuta LDL kutoka katika damu, na samli hufanya vivyo hivyo. Hatumwambii Mpemba aache samaki wa nazi. Tunamwambia tui liwe jepesi, lisiwe la kila mlo, na maandazi ya kukaangwa yasiwe kifungua kinywa cha siku saba. Chakula kizuri hushusha LDL kwa sehemu ndogo tu kuliko kidonge. Kwa mwenye hatari ndogo huenda sehemu hiyo ikatosha. Kwa aliyekwisha kupata kiharusi haitoshi, na kitunguu saumu hakiwezi kushika nafasi ya dozi aliyoandikiwa.

Mwanamke mwenye ujauzito, au anayetarajia kuupata, amweleze daktari kabla ya kuanza, na aliyegundua ni mjamzito akiwa anatumia amwone mapema, kwani kwa walio wengi dawa husimamishwa mpaka baada ya kujifungua na kunyonyesha. Na kila anayesafiri kwa boti kwenda kupimwa Unguja au Dar es Salaam abebe pakiti zenyewe, zote, pamoja na karatasi ya majibu ya mwisho. "Kile kidonge cheupe kidogo" hakitamsaidia daktari wa huko kujua dozi ilianzia wapi.